Nilivyoondoa programu zilizokuja na simu bila kuiua simu yenyewe

Ukisharuti simu, yaani ukijipa mamlaka kamili juu ya mfumo wa Android, mkono unawasha kuingia kwenye folda za mfumo na kuanza kufuta. Mamlaka yote unayo, nani wa kukuzuia? Mimi nilikwenda njia nyingine. Karibu kazi yote niliifanya kwa amri ambazo hata asiye na ruti anaweza kuzitumia, na ruti nikaiweka akiba kwa mambo mawili: kujiokoa mambo yakienda mrama, na kumalizana na programu chache sugu. Simu inawaka vizuri, inapiga, inapokea ujumbe, na zile kelele zimekwisha.

Kelele zenyewe mnazijua. Duka la programu la mtengenezaji juu ya Play Store ambayo tayari ipo. Kivinjari cha pili ambacho hakuna aliyekiomba. Programu ya "kusafisha" inayokukumbusha kila jioni kwamba simu yako imejaa takataka. Michezo. Na nyuma ya yote, huduma za kukusanya takwimu za matumizi ambazo hazina hata ikoni, unaziona tu ukifungua orodha kamili kwenye mipangilio. Baadhi zina kitufe cha kuzima. Nyingine kitufe kipo lakini kimefifia, ukibonyeza hakuna kitu.

Kwanza niseme kwa nini sikufuta mafaili. Programu hizi hukaa kwenye /system/app na /system/priv-app, na kwenye simu za miaka ya karibuni utazikuta pia ndani ya /product na /system_ext. Hizo ni patisheni, yaani sehemu za hifadhi ya simu, za kusomwa tu. Kuanzia Android 10, simu nyingi huja na patisheni zinazogawana eneo moja liitwalo super, na mara nyingi zimepangwa kwa namna ambayo haziandikiki hata uwe na ruti. Zinazotumia EROFS ndiyo usahau kabisa, maana mfumo huo wa mafaili umeundwa usomwe tu. Juu ya hapo yupo dm-verity, anayekagua bloku za mfumo kila zinaposomwa. Kama hajazimwa, ukigusa bloku moja simu inaweza kugoma kuwaka.

Tuseme umefaulu kufuta. Umepata nini? Nafasi uliyofungua iko kwenye patisheni ya mfumo, wakati picha zako, video na programu unazopakua zinakaa /data. Yaani hupati hata megabaiti moja ya kuweka picha. Kinachokula /data ni masasisho ya programu hizo, data zake na kache. Kwa hiyo anayetaka nafasi aanze na kuondoa masasisho na kufuta data kupitia mipangilio, kisha ndiyo azime. Nilishangaa jinsi kivinjari ambacho sijawahi kukifungua kilivyokuwa kimejisasisha hadi kikawa kikubwa kuliko kilivyokuja.

Kabla ya kugusa chochote niliandaa njia ya kurudi. Picha na mawasiliano nilinakili kwenye kompyuta. Nilihakikisha ninayo boot.img, faili la kuwashia mfumo, halisi ya toleo lile lile la mfumo lililopo kwenye simu, kwa sababu ya toleo jingine inaweza kukuletea matatizo mapya juu ya yale uliyonayo. Niliwasha Utatuzi wa USB, nikachomeka kebo, na simu ilipouliza kama iiamini kompyuta hii nikaweka alama ya kuikubali daima. Hatua hiyo watu wengi huiruka. Simu ikija kukwama kwenye nembo haitakuwa na skrini ya kukuuliza ruhusa, na kama kompyuta haijaidhinishwa tangu mapema, adb, programu ya kompyuta ya kuipa simu amri kupitia kebo, inakuwa haina kazi.

Kitu kingine nilichonakili ni faili linaloitwa package-restrictions.xml, lililoko /data/system/users/0/. Humo ndimo Android inamoandika programu ipi imezimwa na ipi imeondolewa kwa mtumiaji. Bila ruti hulioni. Ukiwa na nakala yake safi, na rikavari (mfumo mdogo wa uokoaji unaowaka peke yake) inayoweza kufungua usimbaji wa /data, unaweza kuirudisha orodha nzima ilivyokuwa bila kufuta data zako. Zingatia tu umiliki na ruhusa za faili zibaki kama zilivyokuwa. Nakala hiyo sijaihitaji hadi leo, na bado ninayo.

Baada ya hapo nikaanza kuhesabu waliomo nyumbani. Amri ya pm list packages -s, inayoandikwa ndani ya adb shell kama zote zinazofuata, huorodhesha vifurushi vya mfumo peke yake, yaani programu kwa majina yake ya ndani. Ukiongeza -f inakuonyesha kila kimoja kinakaa wapi. Orodha ni ndefu na majina mengi hayaelezi kitu, kwa hiyo hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Programu ya kompyuta iitwayo Universal Android Debloater ilinisaidia, kwa kuwa ina maelezo ya vifurushi vingi na inavipanga kwa makundi, kuanzia vinavyopendekezwa kuondolewa hadi vya hatari. Hata hivyo sikuikubali kama msahafu. Simu hutofautiana, na jina moja linaweza kufanya kazi mbili kwa watengenezaji wawili.

Kipimo changu mwenyewe kilikuwa amri ya dumpsys package ikifuatiwa na jina la kifurushi. Inatoa maandishi mengi sana, lakini mimi nilitafuta mambo machache: ruhusa ilizopewa, inakaa wapi, na kama inagawana utambulisho na wengine. Ukiona android.uid.system, yaani namba 1000, au android.uid.phone, namba 1001, ondoa mkono. Si kwamba kila kilichomo humo ni cha lazima, ila gharama ya kukosea ni kubwa kuliko faida ya kukiondoa.

Vipo pia ambavyo sikuvifikiria mara mbili. com.android.systemui ndiyo skrini yenyewe. com.android.phone na com.android.providers.telephony ndivyo vinavyokufanya uwe na simu. Vifurushi vyote vyenye neno providers, vya mipangilio, mawasiliano na picha, ni ghala ambazo programu nyingine zote huchota humo. Kisakinishi cha programu, kidhibiti cha ruhusa na WebView viache. Kuna watu huiona WebView wakadhani ni kivinjari cha ziada, wakaizima, halafu programu zao nyingi zikaanza kufunga ghafla, kumbe zilikuwa zinaitegemea kuonyesha kurasa ndani yake. Kibodi nayo usiizime kabla ya kusakinisha nyingine na kuijaribu. Simu ikiwaka upya ikitaka nenosiri na kibodi hakuna, utaingilia wapi? Hali kadhalika skrini ya mwanzo: weka nyingine kwanza, ifanye ndiyo chaguo-msingi, uwashe upya, uone, ndipo uzime ya kiwandani.

Kuzima kwenyewe ni mstari mmoja:

pm disable-user --user 0 jina.la.kifurushi

Na kurudisha:

pm enable jina.la.kifurushi

Basi. Programu inabaki ilipo, haiwaki, haitumii data, haionekani. Nilizima chache kwa wakati, nikawasha simu upya, nikapiga na kupigiwa, nikatuma ujumbe, nikafungua kamera, nikajaribu Bluetooth na kengele ya kuamkia. Kisha nikaitumia simu kama kawaida kabla ya kuendelea na kundi lingine. Ukizima vitu arobaini kwa mpigo na kengele ya asubuhi isilie, mshukiwa utamjuaje?

Faida ya kwenda polepole niliiona kwenye matunzio ya picha ya mtengenezaji. Natumia nyingine, hivyo ile niliizima bila wasiwasi. Kamera iliendelea kupiga vizuri. Lakini ukigusa ile picha ndogo pembeni ili uone ulichopiga sasa hivi, hakuna kinachotokea. Kamera ile imeandikwa kuyaita matunzio yale kwa jina lake, haiulizi kama kuna mengine. Kwenye dumpsys huwezi kuliona hilo kwa urahisi, unaligundua kwa kutumia. Kwa kuwa kundi lile lilikuwa dogo, nilijua mara moja pa kurudi. Niliyawasha tena matunzio, nikayanyima ruhusa ya intaneti kwa kutumia kizuia moto, na mimi na kamera tukapatana.

Vile nilivyoridhika kwamba havihitajiki, nilivipandisha daraja hadi pm uninstall --user 0. Neno uninstall linatisha, lakini kwa programu ya mfumo maana yake ni kuondolewa kwa mtumiaji namba 0 tu, yaani mtumiaji mkuu wa simu, na faili lake la awali bado liko palepale kwenye mfumo. Ukilitaka unaandika cmd package install-existing na jina lake, linarudi bila intaneti. Data zake ndizo hazirudi, isipokuwa uliongeza -k wakati wa kuondoa. Kwa maoni yangu tofauti ya kila siku kati ya kuzima na kuondoa hivi ni ndogo. Niliondoa zaidi zile ambazo programu nyingine zilikuwa na tabia ya kuziamsha.

Sasa wale sugu. Kulikuwa na michezo niliyoiondoa kabisa, ambayo haikuwa hata ya mfumo, na kila baada ya muda inarudi. Amri ya pm list packages -i ndiyo iliyomtaja mwizi, kwa kuwa mbele ya kila kifurushi inaandika nani alikisakinisha. Michezo yote ilikuwa na jina moja la msakinishaji, na halikuwa la Play Store. Ilikuwa huduma isiyo na ikoni iliyokuja na simu. Nilipojaribu kuizima, mfumo ulijibu kwa SecurityException na kukataa, hata nilipoanza na su, amri ya kutumia ruti.

Hapa ndipo ruti ilipopata kazi. Magisk, programu ya kuruti, tofauti na mbinu za zamani, haigusi patisheni ya mfumo. Inaweka pazia juu yake wakati simu inawaka. Nilitengeneza moduli ndogo, ambayo ni folda tu ndani ya /data/adb/modules, yenye faili la module.prop la kuitambulisha. Ndani yake nikarudia njia ile ile ya programu ninayotaka kuificha, na mwishoni nikaweka faili tupu liitwalo .replace. Magisk ikiliona, inaifanya folda ile ionekane tupu, na Android inapohesabu programu zake haikuti kitu. Angalia njia unayoandika: kama programu iko /product/app, kwenye moduli unaandika system/product/app. Ukisahau ile system mbele, moduli inaonekana inafanya kazi na hakuna kinachobadilika. Pia ondoa masasisho ya programu hiyo kwanza, kwa sababu sasisho liko /data na pazia halifiki huko.

Uzuri wake ni kwamba kurudi nyuma ni kuizima moduli. Na simu ikikwama kuwaka, kuiwasha kwenye hali salama kunazima moduli zote za Magisk. Kwenye simu nyingi unashikilia kitufe cha kupunguza sauti wakati inawaka. Njia ya pili ni kutoka kwenye kompyuta ile iliyoidhinishwa:

adb wait-for-device shell magisk --remove-modules

Inasubiri hadi simu ionekane, inaondoa moduli zote, simu inawaka upya. Niliijaribu njia ya hali salama kwa makusudi mapema, simu ikiwa nzima, nijue kitufe kinashikwa sekunde ngapi. Sipendi kujifunza mlango wa dharura wakati moto umeshawaka.

Huduma ile ilipofichwa, michezo haikurudi tena. Betri usiku inashuka kidogo kuliko zamani, ingawa nisingemuahidi mtu miujiza. Programu iliyolala haili kiasi hicho watu wanachodhani. Nilichokipata zaidi ni ukimya wa arifa na data isiyopotea bila maelezo.

Kilichobaki ni matunzo. Sasisho kubwa la mfumo linaweza kurudisha baadhi ya vilivyoondolewa, na kurejesha simu kwenye hali ya kiwandani hurudisha vyote vilivyoondolewa au kuzimwa. Ndiyo maana majina yote niliyoyazima nimeyaandika kwenye faili la maandishi, jina moja kila mstari, na sababu ya kila jina nimeiweka kwenye faili la pili. Sasisho likipita naendesha hii:

for p in $(cat /sdcard/orodha.txt); do pm disable-user --user 0 $p; done

Kisha pm list packages -d inanionyesha vilivyozimwa, nalinganisha na faili, na napitisha jicho kwenye pm list packages -s kutafuta majina mageni, kwa sababu sasisho huja na wageni wake. Moduli nayo naikagua, kwani mtengenezaji anaweza kuihamisha programu kutoka folda moja hadi nyingine, na pazia likabaki limefunika mahali patupu.