Ubavu mzito wa Mto Mpiji

Mwaka huu, masika yalipokwisha na Mto Mpiji ukarudi kwenye njia yake ya kawaida, niliuona mfupa ambao ulininyima usingizi kwa karibu wiki tatu. Ulikuwa umejitokeza nusu kwenye ukingo uliomegwa na maji, mwendo wa dakika kumi hivi kutoka mahali mto unapoingia baharini, upande huu wa Dar es Salaam, kwa kuwa ng'ambo ni Mkoa wa Pwani. Ni sehemu ambayo maji ya bamvua huifikia, na mikoko imefunga kingo zote mbili. Niliupiga picha ukiwa pale pale, rula ikiwa pembeni yake, nikaandika mahali ulipo kwa kutumia simu, kisha nikauinua. Ulikuwa mweusi tii, umepinda kama ndizi, na ncha yake moja imevunjika. Nilistuka: kipande cha sentimita 16 tu, lakini kizito kama jiwe.

Nimekuwa nikizunguka kwenye kingo za mito ya jiji hili kwa miaka minne, kila baada ya mvua kubwa, na sina budi kukiri kwamba mavuno ni haba. Mito yetu ni mifupi. Msimbazi, kwa mfano, huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe na kufika baharini bila safari ndefu. Kwa sehemu kubwa hupita kwenye mchanga na udongo wa mfinyanzi, na karibu na pwani kuna mawe ya matumbawe ya kale, yale yale yanayochimbwa kwenye kilima cha Wazo kwa ajili ya saruji. Humo mtu hupata alama za matumbawe na kombe za chaza, lakini mfupa wa mnyama uliogeuka jiwe ni bahati ya mtende. Ninachookota mara nyingi ni mabaki ya kitoweo: mifupa ya ng'ombe na mbuzi yenye alama za panga au iliyokatwa kwa msumeno. Mwaka wangu wa kwanza nilibeba nyumbani, kwa heshima zote, mfupa mdogo wenye umbo la kapi juu na kapi jingine chini, nikiamini kwamba ni wa kiumbe kisichojulikana. Ulikuwa wa kifundo cha mguu wa ng'ombe. Makapi hayo mawili ni alama ya wanyama wenye kwato zilizogawanyika, tangu mbuzi hadi twiga na kiboko. Punda na farasi wana kapi moja tu.

Niseme pia kwamba sichimbi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe, vya wanyama wenye uti wa mgongo, na kuchimba bila kibali hakuruhusiwi. Ndiyo maana natembea na rula na daftari, si jembe.

Nyumbani niliuosha mfupa kwa maji safi, nikauanika kivulini siku mbili, kisha nikaitazama ile ncha iliyovunjika kwa kioo cha kukuzia. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa kujiamini. Ukivunja mfupa mrefu wa ng'ombe utaona ganda gumu kwa nje na nafasi ya uboho kwa ndani. Ukivunja ubavu wake utaona ganda jembamba na katikati vitundu vingi kama sega la nyuki. Mfupa wangu haukuwa na uwazi wala vitundu. Ulikuwa umejaa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, laini kama pembe ya ndovu. Nilijua kwamba mfupa unapozikwa kwa muda mrefu sana, maji ya ardhini hupenyeza madini kwenye nafasi zake hadi ukageuka jiwe, kwa hiyo nikahitimisha kwamba vitundu vyote vimejazwa na kwamba nimepata kisukuku. Weusi wake ulizidi kunihakikishia. Niliwatangazia ndugu zangu wote kwenye kundi la familia, na shangazi yangu akauliza kama kinauzwa.

Nilipaswa kuutilia shaka ule weusi tangu mwanzo. Matope ya mikoko hayana hewa na yana chuma na salfa nyingi, na mfupa ukilala humo hugeuka mweusi bila kusubiri maelfu ya miaka. Rangi ya mfupa hueleza zaidi mahali ulipolala kuliko muda uliolala. Kuna pia jaribio la ulimi ambalo wapenzi wa visukuku hulisifu, kwamba mfupa wenye vitundu hunata ukiuramba. Kwa mito ya Dar es Salaam, simshauri mtu yeyote alifanye.

Kilichonirudisha kwenye mstari ni mizani. Jumamosi moja nilikwenda Kunduchi kununua samaki, nikamwomba muuzaji anipimie mfupa wangu, akanitazama kwa mshangao lakini akaupima: gramu 255. Niliporudi nyumbani nilijaza jagi la plastiki lenye alama za vipimo, nikauzamisha, na maji yakapanda kwa mililita 130. Kila mililita moja ya mfupa ule, basi, ilikuwa na uzito unaopungua kidogo gramu 2. Madini ya mawe ya chokaa yana uzito wa gramu 2.7 kwa mililita, na mfupa mgumu usio na uwazi unakaribia gramu 2. Nilirudia mara tatu, nikiombea kimoyomoyo kwamba jagi limekosea. Kwa uzito huo haukuwa jiwe. Ulikuwa mfupa mtupu, mgumu kwote, na swali likabaki ni mnyama gani mwenye mfupa wa namna hiyo.

Nilirudi Kunduchi nikiwa na mfupa mkononi, safari hii si kwa ajili ya samaki. Mzee mmoja alikuwa ameketi kivulini akishona wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huo ubavu wa nguva umeupata wapi?"

Sikuwa hata nimeuliza. Alikata uzi kwa meno, akaupokea mfupa, akaupima kwa kuupandisha na kuushusha kiganjani mara mbili, akanirudishia. Alisema kwamba ujanani kwake nguva walinasa kwenye jarife, ule wavu mkubwa, nyama ilifanana na ya ng'ombe, na kwamba mtoto yeyote wa mvuvi aliujua ubavu wake kwa sababu ukiutupa kwenye maji unazama kama nanga.

Huko kuzama ndiyo siri yenyewe. Nguva hula majani yanayoota chini ya bahari, tena kwenye maji ya kina kifupi, na mapafu yake marefu yaliyojaa hewa yangemwelesha juu kama boya. Mbavu zake, jozi 17 hadi 19, zimekuwa nene na kujaa kabisa bila nafasi ya uboho, nazo humsaidia kukaa chini na kula kwa utulivu. Ni mnyama anayefikia urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 400, na jamaa zake wa karibu walio hai nchi kavu ni tembo na pimbi. Leo ni adimu mno. Waliosalia katika maji ya Tanzania hutajwa zaidi kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na sheria inakataza kumvua.

Nilipokuwa narudi nyumbani nilimkumbuka Boheti bin Amrani. Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, walisafirisha zaidi ya tani 200, na mmoja wa wale wakubwa anasimama hadi leo kwenye makumbusho ya Berlin akiwa na kimo kinachozidi mita 13. Boheti alikuwa msimamizi wa wachimbaji, na ustadi wake katika kazi ile ulitambuliwa rasmi mwaka 2007, dinosaria mmoja wa Tendaguru alipopewa jina la Australodocus bohetii. Karibu miaka mia moja ya kusubiri, kwa maoni yangu, ni mingi mno.

Rafiki yangu wa tangu sekondari, ambaye ni mwanaakiolojia, aliutazama mfupa na kukubaliana na yule mzee mara moja, ila akanionya: mvuvi ametaja mnyama, hajataja umri. Alipasha sindano hadi ikawa nyekundu, akaigusisha mahali palipovunjika. Moshi kidogo ulitoka, ukiwa na harufu ya nywele zilizoungua. Harufu hiyo ni ya protini ya mfupa, ambayo haipo tena kwenye kisukuku halisi. Hata hivyo inaweza kudumu karne nyingi, kwa hiyo nguva wangu angeweza kuwa wa enzi ya babu yangu au wa kabla ya Wareno. Aliniuliza kulikuwa na nini kingine pale ukingoni. Sikuwa na jibu, maana niliupiga picha mfupa peke yake.

Nilirudi Mpiji wakati wa maji kupwa. Kimo cha goti juu ya mahali nilipoutoa ule ubavu, niliuona mstari mweupe wa kombe za chaza uliolala ndani ya udongo kwa urefu wa hatua nne hivi, na katikati yake vigae vitatu vya chungu vilivyoungua kwa moshi, visivyo na nakshi yoyote. Kumbe nguva yule aliliwa, na hapo palikuwa jaa la watu. Sikugusa kitu. Nilipiga picha 31, rula ikiwa ndani ya kila moja, nikamtumia rafiki yangu nikiwa bado nimesimama kwenye matope, naye akajibu kwamba nisiondoe hata kombe moja, kwamba taarifa ataiandika yeye mwenyewe kwa wahusika, na kwamba ule ubavu niufunge kwenye karatasi na kumpelekea Jumatatu.

Niliufunga kwenye gazeti, nikaandika juu yake tarehe na mahali.