Siku moja ya fundi rangi, Mtwara

Saa 12 asubuhi. Kabla ya chai nazishusha brashi kwenye waya wa uani, hapa Chikongola. Nazipigapiga kiganjani vumbi litoke, nachomoa unywele uliolegea. Usipouchomoa nyumbani utaganda ukutani, na mwenye nyumba atauona kabla yako.

Nabeba aina mbili. Za nailoni ni za rangi ya maji. Za nywele za nguruwe ni za rangi ya mafuta tu, kwa sababu nywele za mnyama zikinywa maji huvimba na kulegea. Mteja akiniuliza ni mnyama gani namwambia ukweli. Wapo wasiotaka kabisa, na kwao milango pia naipaka kwa nailoni. Kazi inatoka vizuri.

Saa 2, Shangani, nyumba iko karibu na bahari. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, anzeni na sebule." Brashi ya rangi ya maji naichovya kwanza kwenye maji safi, naikung'uta, ndipo inaingia kwenye kopo. Shina la nywele likiwa na unyevu, rangi haigandi haraka kule ndani. Na naichovya theluthi moja tu ya nywele. Kijana ninayemfundisha anaizamisha mpaka kwenye bati linaloshika nywele. "Dogo, unapaka ukuta au unaivisha brashi buti?" Anacheka, lakini hapo ndipo brashi nyingi zinapofia. Rangi ikikaukia chini ya bati nywele hutanuka, na mstari wa pembeni mwa dari haunyooki tena.

Saa 4, chai ya rangi na ming'oko ya kuchemsha. Brashi haibaki juu ya kopo, hata kwa dakika za kunywa chai. Naivingirisha kwenye nailoni ya mkate, nabana hewa isiingie. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019, nailoni za mkate kwangu hazitupwi.

Saa 7 jua limekuwa kali na rangi inakaukia kwenye brashi yenyewe. Wengi husubiri jioni ndipo waoshe; mimi naosha sasa, kisha nakula. Ndoo ya kwanza inatoa rangi nyingi, ya pili ina sabuni ya mche, ya tatu ni ya kusuuza. Nasugua shina kwa vidole, napitisha kichana kikuukuu, halafu nausokota mpini kati ya viganja maji yaruke. Mchana natumia brashi nyingine, hii inapumzika.

Saa 8 mpaka saa 10, milango na magrili. Hapo sina la kusimulia.

Saa 10 na nusu naanza usafi wenyewe, na muda huu nauhesabu kwenye bei ya kazi. Brashi ya mafuta naifuta kwanza kwenye gazeti mpaka iache kutoa rangi. Inaingia kwenye kopo la kwanza la mafuta ya taa, kisha la pili lililo safi zaidi, mwisho sabuni ya mche. Mbali na jiko, tafadhali. Kuna mafundi wanaosafishia petroli; mimi sikubali, mvuke wake unashika moto upesi mno. Mafuta machafu simwagi mtaroni. Nayafunika, rangi inatuama chini, kesho natumia yaliyo juu.

Kama kesho nitaendelea na rangi ileile ya mafuta, siioshi; naifunga vizuri kwa nailoni. Ila isizidi usiku mmoja.

Saa 12 jioni, nyumbani. Nalifuta bati la brashi kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, maana hewa ya chumvi hulila mpaka misumari ikaachia. Nazinyoosha nywele, nazifunga kwa karatasi zikauke na umbo lake, natundika mipini juu. Brashi ikisimamishwa kwa nywele ndani ya kopo inapinda, na mpindo huo hautoki.

Saa 2 usiku jirani analeta brashi iliyokauka kama ubao. "Baba, hii itapona?" Namuuliza ilipaka nini. Rangi ya maji, anasema. Basi namwambia ailoweke kwenye maji ya moto kiasi yenye sabuni usiku kucha. Ikilainika aichane, isipolainika akafutie nayo utando wa buibui na anunue nyingine.