Sumaku ya shangazi usiku wa hina

Ilikuwa usiku wa hina ya dadangu, nyumbani Langoni hapa Lamu, uani wanawake wamejaa, udi unafuka, na mtoto wa shangazi yangu aliyezaliwa Uingereza amekaa katikati yetu. Nlishaona amevaa kitu mkononi kama saa lakini hakina mishale, na sauti yake ilikuwa inakwaruza ghafla kama nusu dakika hivi alafu inarudi sawa, nkajua ni mafua ya safari.

Mara akamshika mamake akamwambia inakuja. Macho yakaganda, mkono ukaanza kurukaruka. Wee! Huyu ataka kijiko amtie mdomoni, yule asema aitwe mtu aje asome, manake kwetu wengi bado kifafa wanakiweka kwa majini. Shangazi hata hakuinua sauti, akamlaza ubavu, akasema msimtie chochote mdomoni, akaivua ile saa, kumbe ni sumaku, akaipitisha juu ya kifua upande wa kushoto. Si kila mara inasaidia, alituambia baadae, lakini usiku ule kilikata.

Mi sikulala, nliwaza mdogo wangu. Ana kifafa tangu utotoni, amemeza fenobabito, akabadilishwa akapewa kabamazepini, na bado anaanguka, na kila tukienda kliniki tunaambiwa huyu hamezi dawa. Mamangu akafikia kumfunua mdomo usiku na tochi, aangalie chini ya ulimi. Mtoto wa watu alikuwa anameza!

Asubuhi nkamkalia shangazi. Akaniambia mtu akijaribu dawa mbili zinazofaa kwa kipimo sawasawa na kifafa kikaendelea, madaktari wanakiita kifafa sugu, na kama thuluthi moja ya wagonjwa wako hivyo, si kosa lao. Mwanawe alipasuliwa akawekwa mashine ndogo chini ya ngozi ya kifua, waya wake umepanda mpaka shingoni ukazungushiwa neva, yaani mshipa wa fahamu, inayoitwa vagasi ya kushoto, ile inayopanda kwenye ubongo, na mashine inapeleka umeme kidogo sekunde 30 kila baada ya dakika 5 hivi, ndo ile sauti kukwaruza. Sumaku inaiamsha kabla ya zamu yake. Marekani waliiruhusu kwa kifafa mwaka 1997, si kitu cha jana, na mimi nlikuwa sijawahi hata kuisikia! Lakini haiponyeshi, na dawa bado anameza. Karibu nusu ya wanaowekewa vifafa hupungua kwa nusu au zaidi, tena polepole, miezi mpaka miaka.

Mdogo wangu akamuuliza binamu yake kama inauma, akamwambia mwanzo ilikuwa inamkaba koo, sasa kashazoea. Akamuuliza kama anaogelea, akamwambia peke yake hapana.

Kabla hajaondoka shangazi alimnunulia mamangu daftari, akamwambia andika kila kifafa, saa ngapi, kimechukua dakika ngapi, kimeanzia upande gani, na kikipita dakika 5 usiandike, kimbiza hospitali. Daftari hilo ndo tulilokwenda nalo Mombasa kwa daktari wa neva, akalisoma lote, akampangia dawa mbili pamoja. Anaanguka kidogo kuliko zamani, ila bado anaanguka. Mashine yenyewe hatuna uwezo nayo sahi, lakini kila nikimwona daktari wa neva nauliza, na nitaendelea kuuliza.