Nilivyopima asidi ya hewani chini ya Nyiragongo

Ukiishi magharibi mwa Nyiragongo, volkano ya mashariki mwa Kongo, huhitaji mashine kujua kuwa moshi wa volkano una asidi. Kabla ya mlipuko wa Mei 2021, ziwa la lava likiwa bado linatokota kileleni, upepo uliusukuma moshi huo kuelekea Rusayo na Sake. Mabati yalilika, majani ya maharage yaliungua. Mimi nilitaka kujua asidi kiasi gani inaelea katika chembe laini zinazofika ndani kabisa ya mapafu ya mtoto.

Gesi ya dioksidi ya salfa ina vipimo vingi. Kazi iko kwenye matone ya asidi ya salfuriki, madogo kuliko mikroni 2.5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), yanayozaliwa gesi hiyo inapobadilika ikiwa njiani. Adui wa asidi hiyo ni gesi ya amonia. Hutoka zizini, chooni, kwenye samadi, hata katika pumzi zetu. Ikiigusa asidi iliyonaswa kwenye kichujio, huigeuza kuwa chumvi. Salfeti, ile sehemu yenye salfa, utaikuta yote, asidi huioni, nawe utaandika kwamba hewa haikuwa na ukali wowote. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi.

Njia niliyoifuata huvuta hewa lita 10 kwa dakika. Kwanza chembe kubwa zinabakizwa mlangoni, maana vumbi la barabarani nalo huua asidi. Kisha hewa inapita katika mirija ya kioo iliyopakwa dawa ndani: mmoja kabonati ya sodiamu, unaonasa dioksidi ya salfa, wa pili asidi ya sitriki, ile ya malimau, unaonasa amonia. Molekuli za gesi hutangatanga upesi, zikigonga ukuta zinanata. Matone ni mazito zaidi, hayayumbi sana, hivyo hupita katikati mpaka kwenye kichujio cha teflon.

Pampu niliiendesha kwa betri, mbali na jenereta, zizi na jiko la makaa. Mama mwenye kiwanja aliniuliza, “Mwanangu, hiyo mashine inakunywa nini?” Nikamwambia inakunywa moshi wa mlima. Akanionyesha pipa la maji ya mvua analokinga kutoka kwenye bati, ndiyo maji ya nyumba nzima.

Kichujio sikukishika wala kukipumulia. Nilikifungua ndani ya kisanduku chenye glavu, kilichotandazwa karatasi zilizolowekwa asidi ya sitriki ili kusiwe na amonia humo. Teflon haishiki maji, kwa hiyo nilikidondoshea ethanoli kwanza, kisha nikakizamisha katika mmumunyo wa asidi ya perkloriki wenye pH 4 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi). Kwenye pH hiyo kabonidioksidi ya hewani haiwezi kuvuruga kipimo. Kinachosomwa ni asidi kali peke yake. Vichujio vingine vilisafiri nami kwenda na kurudi bila kuvutiwa hewa, na kilichoonekana kwao nilikitoa kwenye hesabu. Anayeruka hatua hii, namba zake mimi sizipokei.

Hesabu nayo ina mtego wa mwinuko. Goma, mji ulio chini ya mlima huu, iko takriban mita 1,500 juu ya bahari, na lita moja ya hewa ya huku ina hewa pungufu kuliko lita ya pwani. Lazima ujazo urekebishwe kwa kanieneo na joto la siku hiyo, la sivyo huwezi kulinganisha na vipimo vya mji mwingine.

Nilipoweka asidi na salfeti kando kwa kando, picha ilijitokeza. Moshi uliposhuka moja kwa moja kutoka mlimani, asidi ilikuwa bado hai. Ulipozunguka juu ya malisho na nyumba za watu, salfeti ilibaki, asidi ikapungua. Mama yule hakutaka grafu. Alitaka kujua siku gani amzuie ndani mjukuu wake mwenye pumu. Nilimwambia: moshi ukishuka mpaka kwenye migomba na upepo ukitoka mlimani, usingoje harufu ikuwashe koo.