Kadi yangu iko Mwanjelwa

Jumapili, saa tano usiku. Baridi ya mwezi wa saba inapenya hata chini ya mlango, jiko la mkaa nimelitoa nje, wote wamelala. Nimefungua daftari la hesabu la mtoto ukurasa wa nyuma kabisa, asikopitia mwalimu. Swali ni moja tu: niombe benki wanisimamishie rejesho la nyumba nimalize kausha damu, ule mkopo wa mtaani wa riba kali, au niendelee kuvuta yote mawili mpaka nidondoke?

Nyumba yetu iko Isyesye, hapa Mbeya. Mkopo ulikuwa milioni 30, miaka 15, riba asilimia 16 kwa mwaka. Rejesho ni 440,600, linakatwa kabla sijauona mshahara. Tumelipa miaka minne kamili, marejesho 48, zaidi ya milioni 21. Wiki iliyopita nikaomba taarifa ya mkopo. Deni lililobaki: milioni 27 na laki tatu. Nilimrudishia yule kaka wa mikopo karatasi yake nikijua amenipa ya mtu mwingine. Akanieleza kwa upole, kama sisi tunavyowaeleza wagonjwa, kwamba miaka ya mwanzo karibu pesa yote inaenda kwenye riba, deni la msingi linaguswa kwa ncha ya kidole. Nilikuwa nayajua hayo, tuliambiwa siku ya kusaini. Lakini kuambiwa ukiwa na furaha ya kupata nyumba ni sawa na kutoambiwa.

Kausha damu ni milioni moja na laki mbili. Asilimia 20, na hiyo ni kwa mwezi. Kila mshahara ukiingia inaondoka 240,000 ya riba, na deni lenyewe limekaa pale pale kama mlima Loleza. Nimeshalipa mara tano. Pigeni hesabu wenyewe: nimerudisha milioni moja na laki mbili, na nadaiwa milioni moja na laki mbili. (Vile vijimkopo vya kwenye simu sivihesabu. Vinajikata vyenyewe kila nikiingiza pesa, nimeshazoea kama mbu.)

Dhamana yake si kiwanja wala friji. Ni kadi yangu ya benki na namba ya siri. Mama anayenidai, yule wa Mwanjelwa, ana kopo la maziwa ya unga lililojaa kadi, kila moja imefungwa kikaratasi kwa mpira. Ukitaka kutujua, siku ya mshahara pita kwenye mashine za kutolea pesa uone kijana mmoja amesimama anabadilisha kadi baada ya kadi, foleni nyuma yake inasonya. Moja ni ya kwangu. Anatoa chao, kinachobaki natumiwa kwenye simu, makato ya kutuma juu yangu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Yeye ukutani ana kalenda.

Nilikopea nini? Mdogo wangu alikuja mwanzoni mwa mwaka na habari ya parachichi. Anakusanya kwa wakulima Rungwe, mnunuzi ana gari, wiki mbili pesa imerudi na faida. Mume wangu alimsikiliza, akamtilia chai, akasema hapana. Mimi nikasema ndiyo nikiwa jikoni. Mnunuzi hakutokea siku ya kwanza, wala ya tatu, na parachichi likishaanza kulainika halisubiri upige simu. Sina hasira na mdogo wangu. Nina hasira na lile "hapana" lililokuwa sahihi.

Turudi benki. Yule kaka alinigeuzia kioo cha kompyuta. Kusimama miezi mitatu kunawezekana, ila si zawadi. Riba haisimami na mimi, inatembea kama 364,000 kila mwezi, na mwisho inapandishwa juu ya deni: milioni 27.3 inakuwa 28.4. Kisha nichague. Nikitaka rejesho libaki lile lile, marejesho 132 yaliyobaki yanakuwa 148. Nilimwambia arudie. Miezi mitatu inazaa kumi na sita! Nikitaka yabaki 132, rejesho linapanda hadi 458,500 hivi. Nyongeza haifiki elfu kumi na nane kwa mwezi, lakini kwa miaka 11 ni kama milioni mbili na laki tatu na nusu.

Nikamuuliza kama utani: nikihamisha mshahara benki nyingine nikakaa kimya? Akacheka, halafu akaacha kucheka. Notisi ya maandishi, siku 60 za kisheria, na zikiisha wana haki ya kudai deni zima na kuuza nyumba. Jina nalo linaingia kwenye kumbukumbu za wakopaji ambazo kila benki inazisoma. Nikanyamaza.

Hata hivyo kwenye daftari jibu liko wazi. Riba ya Mwanjelwa ya miezi kumi tu inazidi gharama yote ya kusimama ya miaka 11. Rejesho likisimama nina 680,000 za kupeleka kwa mama yule. Mwezi wa kwanza 240,000 riba, 440,000 zinapunguza deni, linabaki 760,000. Wa pili riba ni 152,000, deni linashuka hadi 232,000. Wa tatu namaliza na chenji juu. Nilikwenda kumuuliza kama atakubali riba ifuate salio. Alikunja uso, akaniita "mwanangu", akakubali.

Sasa kwa nini bado niko macho? Kwa sababu yule kaka, wakati naaga, alisema: "Na mzee atakuja kusaini, eh?" Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, ndivyo Sheria ya Ardhi ya 1999 inavyotaka. Mume wangu alisaini mwanzo, na benki hii haigusi mkataba bila yeye. Kwa hiyo siwezi kusimamisha rejesho bila kusema kwa nini, na siwezi kusema kwa nini bila parachichi. Nimekuwa nikijidanganya kwamba napiga hesabu.

Alhamisi. Naendelea.

Nilimwambia mume wangu Jumatatu jioni, anavua viatu. Nilikuwa nimepanga maneno, yakatoka ya mwisho kwanza: kadi yangu iko Mwanjelwa. Alidhani nimeisahau dukani. Nikamweleza yote. Nilijiandaa kwa habari ya mdogo wangu, nikajiandaa kwa habari ya milioni. Alikaa na kiatu kimoja mkononi muda mrefu, akasema: "Miaka tisa ya ndoa, namba yako ya siri mimi siijui. Huyo mama anaijua."

Sikuwa na jibu la hilo. Daftari langu halikuwa na ukurasa wake.

Akalala bila kula. Jumanne akaenda dukani kwake Uyole, anakouza pembejeo, bila kuniaga. Saa nne akanipigia nikiwa wodini. Hakusalimia. Akasema, hivi wewe, hizo 440,600 zikiacha kukatwa zitakaa wapi? Nikasema kwenye akaunti. Kadi ya akaunti hiyo anayo nani?

Nilikaa kwenye benchi. Siku zote hizo nahesabu riba mpaka nukta, na sikuona kwamba nilikuwa nafungua bomba na ndoo iko kwa jirani. Ningesimamisha rejesho ningekuwa nimemtengea mama yule mezani. Hata kama yeye ni mwaminifu, yule kijana wake wa kubadilisha kadi je?

Kufunga kadi ile ilikuwa kazi ya dakika kumi. Ningeweza kuifunga tangu mwezi wa pili. Nilijiambia naogopa kuvunja makubaliano, lakini nilichoogopa ni yule mama kuja hospitali kuniulizia kwa sauti getini, na maneno yafike Isyesye kabla yangu. Sasa yalishafika, tena kwa mdomo wangu, na getini hapakuwa na kitisho tena.

Jumatano tulikwenda wote benki. Kadi ya zamani ikafungwa, nikaomba mpya. Mume wangu alisoma barua ya kusimamisha rejesho mstari kwa mstari, akauliza ile habari ya kumi na sita, akaelezwa, akasema tuongeze rejesho, tusiongeze miezi. Akaomba pia isiwe mitatu, iwe miwili. Nikamwambia miwili haitoshi, linabaki 232,000. Akasema hiyo 232,000 na riba yake atatoa yeye, kuna mtu hajamlipa pesa ya mbolea. Sijui kama yupo mtu huyo. Miwili ikaandikwa. Alisaini, kalamu ikagoma, akaazima nyingine.

Kutoka hapo tukapanda bajaji hadi Mwanjelwa. Kwenye bajaji hatukusema kitu. Nilimwambia mama yule kwamba kuanzia sasa nitaleta pesa mkononi na ataniandikia risiti. Alimwangalia mume wangu, akaangalia kopo lake, akatafuta kadi yangu muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Nilipokuwa nasubiri niliona kikaratasi chenye jina la mtu wa wodi yetu. Nimegeuza macho. Leo tumekunywa naye chai ya saa nne, tumeongea habari za baridi.

Kadi mpya inatoka wiki ijayo. Namba ya siri nimeshaichagua, nikamwambia mume wangu kabla hajauliza. Akaitikia tu, "haya." Asubuhi hii anafunga tai ya msibani akaniuliza tena ni ngapi. Ameisahau.