Mama aliponiuliza kama nimelala

Kwetu Tukuyu, wilayani Rungwe mkoani Mbeya, salamu ya asubuhi inaanza na usingizi. Mkubwa anamwambia mdogo "Ugonile?", mdogo akimwamkia mkubwa anasema "Mwagonile?", na kwa wasiojua Kinyakyusa, hapo mtu anaulizwa kama amelala. Unajibu "Ndaga", mnaendelea na mengine. Nimeisema salamu hiyo tangu utotoni bila kuifikiria. Asubuhi moja ya Juni mwaka jana nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mama, blanketi begani, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, naye akatoka jikoni akaniuliza. Nikafungua mdomo niseme Ndaga. Haikutoka. Nikasema, "Hapana, mama. Sijalala vizuri tangu mwaka juzi."

Akaiweka sufuria chini. Hakusema kitu. Akanivutia kigoda karibu na moto.

Naandika haya kwa ajili yenu mlioko nje kama mimi, hasa mnaofanya kazi za usiku, na hasa wanaume wenzangu ambao tukiulizwa hali jibu letu huwa ni moja tu: niko poa.

Mimi naishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza, huu ni mwaka wa sita. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Naingia saa mbili usiku, natoka saa mbili asubuhi. Kazi yenyewe naipenda. Kumgeuza mzee ubavu ili asipate vidonda vya kulalia, kumnywesha maji, kumshika mkono anapozinduka usiku wa manane hajui yuko wapi: hiyo ni kazi ya heshima na sitaki mtu anionee huruma kwa ajili yake. Kilichoniangusha ni mengine. Mkataba wangu ni zamu tatu kwa wiki, mimi nikawa nafanya tano, wiki nyingine sita. Ada ya mdogo wangu chuoni. Bati za nyumba ya mama. Mjomba kalazwa. Mchango wa harusi, mchango wa msiba, na kabla hujamaliza huo kuna kikao cha send-off. Kila jambo lilikuwa la haki. Hakuna hata mmoja aliyenidanganya wala kunionea. Yalikuwa mengi tu, na yote yalikuja kwa mtu mmoja.

Halafu kuna hili la saa, ambalo walio nyumbani hawalioni. Wakati wa baridi Tanzania iko mbele ya Uingereza kwa saa tatu. Nikitoka zamu saa mbili asubuhi, Tukuyu ni saa tano. Nikifika chumbani na kuvua viatu, huko wamefungua maduka, wamekwenda benki, wamekutana na mwalimu wa mtoto, na simu zinaanza. Usiku wangu wa kulala ni mchana wao wa shughuli. Na Desemba kule Leeds jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Unalala kukiwa na mwanga hafifu, unaamka giza limeshaingia, unapanda basi kwenda kazini. Niliwahi kukaa karibu wiki mbili bila kuliona jua kabisa, na sikugundua mpaka nilipoliona.

Dalili zilikuja polepole. Nikawa nasoma ujumbe mmoja mara nne bila kuuelewa. Nakula nimesimama, mkate na chochote kilichopo. Moyo unaenda mbio simu ikiita, hata kama anayepiga ni rafiki. Nikamkaripia dada yangu kwa jambo dogo, dada ambaye alinibeba mgongoni. Kisha siku moja ya Februari simu iliita, nikaiangalia, nikaisukuma chini ya mto. Sikuipokea siku hiyo, wala siku iliyofuata. Nilikwenda kazini, nikarudi, nikalala na nguo. Siku sita sikumjibu mtu yeyote wa nyumbani. Nawaambia ukweli, sikuwa na hasira na yeyote. Nilikuwa sina nguvu ya kusema "haloo".

Siku ya saba mlango ukagongwa. Alikuwa dada mmoja wa Makambako ambaye tulikuwa tunasalimiana tu kwenye mikutano ya Watanzania. Mama alikuwa amempata kwa njia ambayo wazazi wetu wanaijua wao wenyewe, mtu wa kanisani anayemjua mtu ambaye mtoto wake anaishi Leeds. Alikuja na hotpoti ya ugali na maharage. Aliniangalia, akasema, "Kula kwanza, kaka. Mama nitampigia mimi." Akakaa mpaka nikamaliza. Hakuniuliza kitu siku ile, na mpaka leo namshukuru kwa hilo kuliko hata kwa chakula.

Yeye ndiye aliyenisukuma niende kwa daktari. Nilikwenda nikiwa na aibu, nikijiona nimekwenda kulalamika uchovu kwa watu wenye wagonjwa wa kweli. Baadaye nikasoma kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliiandika hali hii ya kuchoshwa kabisa na kazi kwenye orodha yake ya kimataifa, likaieleza kama jambo linalotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa, bila kuiita ugonjwa. Kusoma hivyo kulinipa pumzi. Kwa mnaoishi England, jueni pia kwamba huduma ya mazungumzo na mshauri ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, unaweza kujiandikisha mwenyewe bila kupitia kwa daktari. Na usiku ukiwa mrefu mno, Samaritans, shirika la kuwasikiliza watu walio kwenye dhiki, wanapokea simu saa zote, namba 116 123, bure. Niliipiga mara moja, saa tisa usiku, nikiwa kwenye ngazi za nyuma wakati wa mapumziko. Aliyepokea alisikiliza tu. Nikarudi ndani nikamaliza zamu.

Lakini kilichoniinua kilianzia nyumbani, kwenye zile wiki tatu za Juni.

Nilitua Songwe, nikapanda gari Uyole. Ukipita Isongole, akina mama wako barabarani na ndoo za viazi na kabichi, baridi inaanza kuingia kwenye mikono ya shati, mlima Rungwe umejifunika mawingu. Siku nne za kwanza nilikuwa nalala tu. Mama alikuwa ananiamsha nile, nakula, narudi kulala. Jioni ananitengea ndoo ya maji ya moto aliyochemsha kwa kuni, harufu ya moshi iko ndani ya maji yenyewe, na tangu utotoni mwili wangu unajua kwamba baada ya ndoo ile kinachofuata ni kitanda. Tulikula tumekaa. Ndizi za kupikwa tunazoziita mbalaga, maharage, parachichi la nyuma ya nyumba, maziwa ya mgando. Hakuna aliyeshika simu wakati wa kula, kwa sababu mama hataki, na hahitaji kueleza kwa nini.

Siku ya tano akaniambia twende shambani. Mama ana mashamba madogo ya chai, kama wengi wa kule. Unavaa kitenge kizito au nailoni kiunoni maana majani yana umande, kikapu mgongoni, unachuma majani mawili na chipukizi lake, mawili na chipukizi, unatupa nyuma begani. Saa nzima ya kwanza akili yangu ilikuwa bado Leeds inapiga hesabu. Ya pili ikaanza kutulia. Vidole vinafanya kazi yake, jirani wa shamba la pili anapaza sauti kuuliza kama mtoto wa fulani amepona, mama anajibu bila kuinua kichwa.

Kilichonigusa zaidi ni jinsi kazi ile inavyokwisha. Mchana tunabeba hadi bandani, chai inapimwa, inaandikwa kwenye kitabu, lori la kiwandani linakuja, linabeba, linaondoka. Basi. Chai ikishaondoka huwezi kuichuma tena usiku, huwezi kuongeza kilo kitandani. Akina mama wanakung'uta vikapu, wanakaa kwenye nyasi, mmoja anatoa mahindi ya kuchoma. Niliwatazama nikahesabu mara ya mwisho mimi kuwa na siku iliyokwisha. Sikuipata. Kule ng'ambo nikitoka zamu naingia kwenye simu, nikitoka kwenye simu naingia kwenye wasiwasi, nikilala naota hesabu.

Jioni ya Jumapili ya pili mama akawaita wadogo zangu wote na baba mdogo. Nilikuwa nimemwambia kila kitu pale jikoni, na yeye akaamua kwamba wote wasikie. Nikaweka mezani karatasi ya mshahara. Nikawaonyesha kodi ya chumba, pauni 550 kwa mwezi, nauli, umeme, kinachobaki. Mdogo wangu wa chuo alilia. Alisema alikuwa anajua nina maisha mazuri kwa sababu kila akiuliza nilimwambia niko poa. Na kweli nilimwambia hivyo, kila mara, miaka mitano. Tukapanga kiasi kimoja cha kila mwezi, kinakwenda kwa dada yangu, yeye na mama ndio wanaamua kianze wapi. Maombi yanakwenda kwake, hayaji kwangu. Baba mdogo alinuna kidogo. Akaja kunisindikiza stendi hata hivyo.

Najua wengine mtasema huko kwenu haiwezekani. Labda. Mimi pia nilisema hivyo kwa miaka mitano, na nilikuwa sijajaribu hata mara moja.

Niliporudi Leeds nilijitafutia lori langu la chai. Nikitoka zamu, naoga maji ya moto, natia simu kwenye droo ya jikoni, nafunga mlango wa chumba. Pazia ni zito, jeusi, nililinunua kwa ajili hiyo. Namba ya mama na ya dada yangu peke yake ndizo zinazoweza kuita kwa sauti. Wiki ya kwanza nililala nikisikiliza droo. Wiki ya tatu nililala.

Kahawa nayo niliigusa. Nilikuwa nakunywa kikombe cha mwisho saa kumi na moja alfajiri ili nimalize zamu, kisha nashangaa kwa nini macho yako wazi saa nne asubuhi. Kwa watu wengi nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Sasa cha mwisho ni saa saba usiku, baada ya hapo ni maji au chai ya tangawizi bila majani.

Kula nimekaa kumekuwa kugumu kuliko nilivyotegemea. Unaishi peke yako, meza ni ya nini? Nilianza kwa kupika maharage ya siku tatu kila Jumatatu, na Jumamosi naenda soko la Kirkgate katikati ya jiji kutafuta ndizi mbichi. Hazifanani na zetu, zinapikika hata hivyo. Dada wa Makambako huja Jumapili mbili kwa mwezi, tunakula pamoja, naye ananikosoa chumvi.

Na mwanga. Nikiamka saa nane mchana, kabla ya kitu kingine natoka nje nusu saa, hata mvua ikinyesha. Mvua hainitishi, nimezaliwa Rungwe. Naenda hadi Roundhay Park, nazunguka bwawa, narudi. Vidonge vya vitamini D pia nameza, mikrogramu 10 kwa siku. Serikali ya kule inamshauri kila mtu afikirie kuvitumia miezi ya vuli na baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa tuvifikirie mwaka mzima, kwa sababu jua la kule halitutoshi. Miaka minne hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Mazoezi ya kukimbia niliyaacha baada ya wiki mbili. Daftari la kuandika mawazo pia. Sikujilazimisha. Zamu za ziada nafanya moja kwa mwezi, miezi mingine hakuna, na bosi akinipigia kuniomba ya pili namwambia hapana na sitoi sababu.

Zipo siku mbaya bado. Novemba iliyopita nilikaa tena ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni zaidi ya saa nzima. Tofauti ni kwamba jioni ile ile nilimpigia dada yangu nikamwambia nimekaa hivyo. Akasema, "Vua kimoja kwanza." Nikavua. Tukaongea mambo ya kitimoto aliyokula Mwanjelwa, na bei ya mchele wa Kyela, mpaka nikavua cha pili.

Alhamisi ni siku ya mama. Hiyo siku siendi kazini, kwa hiyo napiga alfajiri yangu, yeye akiwa anajiandaa kwenda shamba. Juzi alipokea akihema, anatafuta kikapu.

"Ugonile?"

"Masaa sita, mama. Usiku wa jana yalikuwa manne."

"Na leo?"

"Leo nalala nikishakata simu."

"Basi kata," akasema. "Mimi nawahi lori."