Kumbukumbu ya mradi wangu: kishonanguo bustanini, Machi hadi Juni

Tangu masika yaanze, nimeacha kipande kidogo cha bustani yetu hapa Lushoto bila kukipalilia ili kishonanguo kiote kitakavyo. Ni gugu linalojulikana na kila mkulima kwa mbegu zake nyeusi, nyembamba kama sindano, ambazo hung'ang'ania suruali na kanga za wapita njia. Wataalamu hukiita Bidens pilosa, jina alilokipa Linnaeus mwaka 1753, na neno la kwanza lina maana ya meno mawili. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Nia yangu ni kuandika matumizi yake ya dawa kama anavyoyajua bibi yangu, nikitenganisha nilichokiona kwa macho na nilichosimuliwa.

Machi 16. Bibi alinifundisha kuchagua majani. Nilikuwa nimechuma shina lililokwisha kutoa maua ya manjano, akalirudisha mkononi mwangu akisema, "Hili limeshazeeka, mjukuu wangu, tafuta machanga." Majani machanga ni laini, na harufu yake huwa kali ukiyavunja. Mengine tuliyachemsha yawe mboga: maji ya kwanza yalimwagwa ili kupunguza uchungu, kisha tukatia karanga zilizotwangwa.

Machi 29. Nilijikata kidole cha shahada kwa mundu. Bibi aliyaosha majani sita, akayafikicha viganjani mpaka maji ya kijani kibichi yakaanza kutoka, akayakamulia juu ya kidonda na kukibana kwa yale makapi. Yaliwasha kidogo, kama chumvi. Nilitazama saa: damu ilikoma baada ya dakika nne hivi. Hata hivyo, kidonda kidogo kikibanwa vizuri damu yake hukoma kwa muda kama huo hata bila dawa, kwa hiyo siwezi kusema ni majani peke yake yaliyofanya kazi. Nimeandika yote mawili, kwa sababu sipendi kumbukumbu hii idai zaidi ya nilichokishuhudia.

Aprili. Mvua nyingi, kazi chache. Bibi alinisimulia matumizi mengine mawili. La kwanza ni la tumbo la kuharisha: kiganja kimoja cha majani huchemshwa kwa vikombe viwili vya maji, yakachujwa kwa kitambaa na kunywewa yakiwa vuguvugu. Yeye mwenyewe husisitiza kwamba mtoto anayeharisha apewe kwanza maji ya chumvichumvi na kupelekwa zahanati, na nimefurahi kulisikia hilo kutoka kwake. La pili ni la sikio linalouma, ambalo hudondoshewa maji ya majani yaliyopondwa. Hilo nimeliandika lakini sitalijaribu, wala simshauri mtu alijaribu, maana ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, chochote kinachomiminwa humo kinaweza kuleta madhara makubwa.

Mei 11. Jirani aliniletea fungu zuri la kishonanguo alilolichuma kandokando ya barabara. Nililipokea kwa shukrani, lakini nikamweleza kwa nini sitalitumia: mmea huu hufyonza kadimiamu, metali yenye sumu inayoweza kuwemo kwenye udongo wa kando ya barabara, kutoka udongoni na kuihifadhi mwilini mwake, na kuchemsha hakuiondoi. Kwa dawa na kwa mboga pia, mahali ulipochuma pana uzito sawa na namna ulivyopika.

Juni 8. Mimea ya kwanza imekauka na kutoa mbegu, nami nimezichunguza kwa kioo cha kukuzia. Kichwa kimoja cha ua kina mbegu za aina mbili: za katikati ni ndefu, na za pembeni ni fupi na nene zaidi. Nilipanda ishirini za kila aina katika viriba tofauti, kwa kuwa nilitaka kujua namna ya kupata majani machanga hata wakati wa kiangazi, ambapo Bibi hulazimika kuyafuata bondeni. Kufikia Juni 22, mbegu ndefu 17 zilikuwa zimeota. Kati ya zile fupi imeota moja tu. Tabia hii ya kusubiri ndiyo inayolifanya gugu hili lichomoze tena shambani muda mrefu baada ya palizi. Viriba vya mbegu fupi nimeviweka kwenye mwanga, karibu na tangi la maji, na nitavimwagilia hadi vuli.